SOMO LA KIKUNDI: MASHINE ZA KUPOKEA MALIPO – TUCHAGUE IPI, NA NANI AISHIKE?



Siku hizi swali moja linaulizwa karibu kila kikundi ninachotembelea, kuanzia Muhuru Bay mpaka Kendu Bay: "Je, na sisi tuchukue mashine ya kadi?" Kikundi kingine kimeambiwa na ajenti kwamba duka bila mashine ni duka la zamani. Kingine kimeona supamaketi ya mjini ikipokea kadi, nacho kinataka kufanana nayo. Kabla hamjatia sahihi kwenye karatasi yoyote, someni somo hili pamoja. Mwenye kusoma vizuri asome kwa sauti, na wengine wasikilize.

Katika somo hili tutajifunza mambo manne:
1. Mashine ya kadi inafanya kazi namna gani.
2. Aina za mashine, na njia nyingine za kupokea pesa bila mashine.
3. Hesabu: mashine inakula kiasi gani.
4. Jambo kubwa kuliko yote: pesa ya kikundi iingie kwa jina la nani.

I. PESA INAPITA WAPI?

Mtu akilipa kwa noti, pesa imetoka mkononi mwake ikaingia mkononi mwako. Mumemalizana. Kadi si hivyo. Kadi haina pesa ndani yake. Kadi ni kama barua ya kumtambulisha mtu kwa benki yake.

Mteja anapoingiza kadi, mashine inasoma ile chembe ndogo ya rangi ya dhahabu iliyo juu ya kadi. Mteja anabonyeza nambari yake ya siri. Mashine inapeleka ujumbe kwa benki iliyowapa ninyi mashine. Benki hiyo inaupitisha kwenye mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard, mpaka kwa benki ya mteja. Benki ya mteja inaangalia: kadi ni yake kweli? Pesa iko? Halafu jibu linarudi njia ile ile: imekubaliwa, au imekataliwa. Haya yote ni sekunde chache, ikiwa netiwaki iko.

Angalieni mambo mawili hapo. Kwanza, bila netiwaki hakuna jibu. Pili, hata jibu likiwa "imekubaliwa", pesa haijawa mkononi mwenu. Mara nyingi inaingia kwenye akaunti siku inayofuata au baadaye, kulingana na mkataba wenu na benki. Kikundi kinachonunua omena alfajiri ufukweni kwa pesa ya mauzo ya jana lazima kifikirie jambo hili, maana mvuvi hangojei benki.

II. AINA ZA MASHINE

Zamani maduka makubwa yalikuwa na kifaa cha chuma. Kadi iliwekwa chini ya karatasi yenye kaboni, kifaa kikavutwa, na maandishi ya kadi yakabaki kwenye karatasi. Mteja akatia sahihi. Leo kuna aina hizi:

(a) Mashine ya kaunta. Inakaa mahali pamoja, imeunganishwa na umeme na waya wa mtandao. Inafaa supamaketi au kituo cha petroli. Kwa kijiji ambacho stima hupotea mvua ikinyesha, si rafiki.

(b) Mashine ya kubeba. Ina betri na laini ya simu ndani yake, na inatoa risiti. Hii ndiyo mnayoiona kwenye hoteli nyingi. Inaweza kwenda mpaka mezani kwa mteja. Inahitaji kuchajiwa na kununuliwa karatasi za risiti.

(c) Mashine ndogo isiyotoa risiti. Ni ndogo kama simu ya zamani. Inasoma kadi, halafu inatumia simu ya kisasa ya muuzaji kupeleka ujumbe. Risiti inakwenda kwa simu ya mteja. Bei yake huwa chini, lakini simu ikiisha chaji, biashara imesimama.

(d) Mashine ya kisasa yenye kioo cha kugusa. Inafanana na simu kubwa. Inapokea kadi, na nyingine zinapokea pia malipo ya simu na kuweka hesabu ya bidhaa. Ni nzuri, lakini ikianguka sakafuni gharama ni ya nani? Ulizeni hilo mapema.

(e) Simu yenyewe kuwa mashine. Simu nyingine za kisasa zinaweza kusoma kadi ikigusishwa tu. Hapa mteja anahitaji kuwaamini sana, kwa sababu anabonyeza nambari yake ya siri kwenye simu ya mtu.

Tusichanganye mashine hizi na ile ya wakala wa benki. Tangu Benki Kuu ya Kenya itoe mwongozo wa mawakala mwaka 2010, maduka mengi yamekuwa mawakala: Equity, KCB Mtaani, Co-op Kwa Jirani na wengine. Mashine yao inafanana na ile ya hoteli, lakini kazi ni nyingine. Wakala anapokea pesa za watu na kutoa pesa kwa niaba ya benki, na lazima awe na floti. Kikundi kinaweza kuwa wakala, lakini hiyo ni biashara nyingine kabisa yenye mtaji wake na hatari zake.

III. NJIA BILA MASHINE

Kwetu hapa wateja wengi hawatembei na kadi. Wanatembea na simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na huduma ya Lipa na M-Pesa ikaja mwaka 2013. Kile kibao chenye nambari mnachokiona dukani, yaani nambari ya tili, ni njia ya kupokea malipo ambayo haihitaji chaji, karatasi wala waya. Mwenye kuchajisha simu ni mteja. Na tangu Aprili 2022, hata mwenye Airtel Money anaweza kulipia kwenye tili ya M-Pesa.

Kuna tili, kuna Paybill, na kuna Pochi la Biashara. Tofauti yake ni hii:

– Tili ni ya kuuza bidhaa. Mteja anaandika nambari na kiasi tu.
– Paybill inamtaka mteja aandike pia nambari ya akaunti. Kwa hiyo inafaa kukusanya michango, maana unaweza kujua nani ametoa na kwa kazi gani: akiba, mkopo au faini.
– Pochi la Biashara linatenganisha pesa ya biashara na pesa ya nyumbani kwenye laini ya mtu mmoja. Ni zuri sana kwa mama anayeuza mboga peke yake. Kwa kikundi halifai, kwa sababu laini ni ya mtu.

Basi mashine ya kadi inafaa nani? Inafaa pale mteja anapotoka mbali. Kikundi chenye nyumba ya wageni Rusinga au Mbita, au kinachopikia wageni wanaokwenda Thimlich Ohinga tangu pale palipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018, kinaweza kupata mgeni asiye na M-Pesa kabisa lakini ana kadi. Na pale Isebania, kadi ya Visa iliyotolewa na benki ya Tanzania inaweza kusomwa na mashine ya Kenya inayopokea Visa, kwa sababu mtandao wake ni wa dunia nzima. Lakini kinu cha kusaga mahindi kule Ndhiwa, ambako mteja analipa shilingi arobaini? Hapo mashine ya kadi ni mapambo.

IV. TUJIFUNZE KWA WENZETU

Mifano miwili ya hapa Kenya itatusaidia.

Wa kwanza ni Nairobi. Mwaka 2013 kampuni ya Google pamoja na Benki ya Equity walianzisha kadi ya kulipia matatu iliyoitwa BebaPay. Abiria aligusisha kadi kwenye simu ya kondakta, nauli ikakatwa. Serikali nayo ilitaka matatu yaache kupokea pesa taslimu kuanzia Julai 2014. Vifaa vilikuwa vizuri na kampuni ni kubwa. Hata hivyo mwaka 2015 BebaPay ilifungwa, na nauli za pesa taslimu zikaendelea. Fikirini wenyewe: kondakta na dereva hupata riziki yao kila siku kutoka kwa pesa iliyo mkononi. Kadi inapeleka pesa yote moja kwa moja kwa mwenye gari. Nani basi angeisukuma kadi mbele? Watu wanaoshika mashine wasipoona faida yao, mashine italala kwenye droo.

Wa pili ni kaskazini. Kuanzia mwaka 2009, mpango wa kusaidia familia zenye njaa katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera ulilipa watu kwa kadi kupitia wenye maduka waliokuwa mawakala wa Equity. Mtu alitambulishwa kwa kadi na alama ya kidole. Mashine hizo zilitengenezwa ziweze kufanya kazi hata mahali pasipo netiwaki, kwa sababu walioziagiza walijua hali ya kule. Walianza na mahali na watu, ndipo wakachagua mashine. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: tunachukua mashine kwanza, halafu tunatafuta netiwaki juu ya mti.

V. HESABU

Mashine haifanyi kazi bure. Makato hutofautiana kati ya benki na benki, kwa hiyo hesabu hii ni ya mfano tu. Wekeni nambari zenu wenyewe.

Tuseme kikundi kina hoteli ndogo. Kwa mwezi mmoja wateja wa kadi wamelipa shilingi 30,000.

Makato ya benki, sh. 3 kwa kila 100: sh. 900
Kodi ya mashine kwa mwezi: sh. 1,000
Karatasi za risiti: sh. 200
Jumla: sh. 2,100

Gawanyeni: 2,100 kwa 30,000 ni shilingi 7 kwa kila 100. Ikiwa faida yenu ni shilingi 10 kwa kila 100, basi mmebaki na 3. Mmempikia mgeni, mmeosha vyombo, na mashine imekula kuliko ninyi.

Sasa tuseme wateja wa kadi wamelipa sh. 150,000. Makato ni 4,500, kodi 1,000, karatasi 200. Jumla 5,700, yaani shilingi 3 na senti 80 kwa kila 100. Hapo mashine inabebeka. Kwa hiyo swali ni hili: wateja wenu wa kadi ni wangapi kweli?

Fanyeni jaribio. Kwa mwezi mmoja, kila mteja anayeuliza "mnapokea kadi?" muuzaji apige alama moja kwenye daftari. Mwisho wa mwezi hesabuni alama. Daftari la shilingi hamsini litawaambia ukweli kuliko ajenti yeyote.

VI. KWA JINA LA NANI?

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Naomba tusikimbie.

Vikundi vingi vinapokea pesa kwa laini ya mweka hazina. Wanasema, "Mama huyu ni mwaminifu, tunamjua tangu zamani." Ni kweli. Lakini laini hiyo, na kila shilingi iliyomo, mbele ya sheria ni yake yeye. Tuseme kikundi cha akina mama ishirini wanaouza omena wameweka sh. 86,000 kwenye laini ya mweka hazina wao, akafariki ghafla. Nambari ya siri amekwenda nayo. Pesa hiyo sasa inahesabiwa kama mali ya marehemu. Warithi wanatakiwa kufuata sheria ya urithi kuitoa, na huenda hawajui hata kwamba kulikuwa na kikundi. Akina mama wanakuja matangani na daftari la kikundi, shemeji wa marehemu anauliza: "Ninyi mna ushahidi gani?" Hakuna aliyeiba. Hata hivyo watu ishirini wamepoteza mtaji, na urafiki wa miaka mingi umekuwa ugomvi juu ya kaburi.

Au tuseme hakufariki, bali alikopa kwa simu, na pesa ya kikundi ilipoingia, deni likajikata lenyewe. Fuliza hufanya hivyo: pesa ikiingia kwenye laini yenye deni, deni linalipwa kwanza. Mama hakukusudia mabaya. Pesa ya kikundi imeshalipa deni la nyumbani.

Kwa hiyo mweka hazina mwaminifu anastahili kulindwa. Kumwachia pesa ya watu kwenye laini yake ni kumtwika mzigo ambao hata yeye hawezi kuutua vizuri. Fanyeni hivi:

1. Kikundi kiandikishwe. Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inasimamia jambo hilo. Nendeni kwa ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi mkiwa na katiba, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano.

2. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, yenye watu watatu wa kutia sahihi. Wasitoke nyumba moja.

3. Tili, Paybill au mashine ya kadi iombwe kwa jina la kikundi, mkiwa na cheti cha kuandikishwa na barua ya viongozi. Ombeni pesa iingie kwenye akaunti ile ya benki.

4. Anayepokea pesa dukani asiwe ndiye anayeidhinisha kuitoa.

5. Viongozi wakibadilika, majina benki na kwenye tili yabadilishwe mwezi huo huo. Andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano.

VII. MTEGO WA MATAPELI

– Ujumbe wa uongo. Mteja anakuonyesha simu yake: "Si unaona, nimetuma." Usiangalie simu yake. Angalia ujumbe uliofika kwenye simu ya duka, na jina la aliyeutuma, na salio. Meseji isiyofika kwenu, bidhaa isitoke.

– Anayepiga simu kusema yeye ni wa benki au Safaricom na anataka nambari ya siri. Nambari ya siri haiulizwi na mtu yeyote kwa simu. Kata.

– Pesa iliyotumwa kimakosa. Mtu akikupigia kulia kwamba amekosea, usimrudishie kwa laini nyingine anayokutajia. Aliyetuma kimakosa hupeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456 ili ushughulikiwe.

– Kadi ya mteja. Isiondoke mbele ya macho yake. Mashine ndiyo imwendee. Wala msiandike nambari ya kadi kwenye daftari.

Hapa nina ombi la pekee kuhusu wazee wetu. Nyanya anakuja kwa wakala, anatoa kadi na kusema, "Mwanangu, nambari ni hii, nibonyezee." Anafanya hivyo kwa kuamini, na kwa sababu macho hayaoni vizuri. Msikubali. Mwekeeni mkono juu ya mashine, mwambieni mahali nambari tano ilipo ili azihesabu nyingine kutoka hapo, mpeni nafasi. Hata akichukua dakika kumi. Anayejifunza kubonyeza nambari yake mwenyewe hataibiwa na mjukuu wala na wakala.

VIII. KUFUNGA SIKU

Kila jioni watu wawili wakae pamoja. Waandike: taslimu, tili, kadi, jumla. Mfano: taslimu 1,850, tili 3,400, kadi 1,200. Jumla 6,450. Halafu waangalie bidhaa zilizotoka. Ikiwa bidhaa zilizouzwa ni za sh. 6,500, basi hamsini haipo. Itafuteni jioni hiyo hiyo. Hamsini ya leo inapatikana. Hamsini ya miezi sita haipatikani, na ndiyo inayovunja vikundi. Mashine itawapa risiti na simu itawapa ujumbe, lakini kulinganisha ni kazi ya watu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Pesa ya kikundi chetu leo imelala kwa jina la nani? Mtu huyo akiugua kesho, tutaipata vipi?
2. Wateja wetu wanalipa kwa njia gani zaidi: taslimu, simu au kadi? Tunajuaje?
3. Tukichukua mashine, nani ataona faida na nani ataona hasara? Tutazungumza naye vipi?
4. Ni nani kati yetu wanaojua nambari ya siri ya kikundi? Je, wanatosha, au wamezidi?
5. Wazee wanaokuja kwetu tunawasaidia namna gani bila kushika siri yao?

KAZI YA MWEZI HUU

Kila kikundi kianze lile daftari la alama, na kijibu swali la kwanza kwa maandishi kwenye kumbukumbu za mkutano. Kikundi ambacho pesa yake bado iko kwenye laini ya mtu, kipange siku ya kwenda benki kabla ya mwezi kwisha. Mweka hazina mwenyewe awe wa kwanza kuitaka siku hiyo.

Kazi njema.